Maslaha Yaliyotapikwa

Ini lilikuwa bado mdomoni mwangu.

Hapo ndipo niliwaacha wiki iliyopita, wasomaji wangu. Nimeketi kwenye mkeka uani kwa Abdiwahab, mwenye shule yetu hapa Garissa. Kipande cha ini la mbuzi kiko kati ya meno yangu. Na Mzee Ogle, mkuu wa wazee, ameinua mkono mbele ya wanaume wote, akasema, "Alhamdulillahi. Mwalimu amekula. Yamekwisha."

Yamekwisha nini?

Sikujua. Nilichojua ni kwamba wanaume kumi na wawili waliacha kutafuna wakaniangalia koo.

Nikameza. Lilishuka kama jiwe lililopakwa mafuta.

"Yamekwisha nini, Mzee?" niliuliza.

Aliyenijibu hakuwa Mzee Ogle. Alikuwa Mwiti, naibu wa mwalimu mkuu, mtu wa Meru, mafuta yakimchuruzika kidevuni.

"Kesi yako, madam. Haya ndiyo maslaha. Watu wa hapa wakikosana hawakimbilii korti. Wazee wanakaa, fidia inatolewa, mbuzi anachinjwa. Aliyelalamika akishakula, lalamiko limekufa." Akacheka. "Na wewe umekula. Tena ini!"

Sikuchagua ini mimi. Mzee Ogle ndiye aliyelikata kwa kisu chake akaniwekea kiganjani, na kwetu Tukuyu mgeni hakatai alichopewa. Miezi mitatu nimejitahidi kuwa mgeni mwema katika nchi ya watu. Nimejifunza kula wali na ndizi mbivu katika sahani moja. Nimejifunza kuoga kwa nusu ndoo, kwa sababu maji huja kwa mkokoteni wa punda, na punda ana siku zake. Nimezoea kuchekwa kila ninaposema shikamoo. Leo adabu yangu hiyohiyo ndiyo iliyonifunga kamba.

Kama ndiyo kwanza unaanza kunisoma, kisa chenyewe ni kifupi. Naitwa Atupele. Ni Mtanzania, nimemaliza chuo kikuu mwaka jana, na nimeajiriwa hapa kufundisha Kiingereza Gredi ya Tisa. Kuna mfuko wa ufadhili unaowapeleka wasichana wa kaunti kavu kusoma Nairobi, msichana mmoja kwa kila shule. Mtoto huandika insha kwa mkono wake. Kurasa za insha haziandikwi jina, ili wasahihishaji wasipendelee. Jina hukaa kwenye fomu tu, na chini ya fomu hiyo mwalimu wa Kiingereza hutia sahihi, kuthibitisha kwamba insha ni ya mtoto huyo na si ya mwingine.

Insha yetu aliiandika Nurto, binti wa Jelle, mfugaji wa upande wa Habaswein. Nilimwona kwa macho yangu akiiandika, siku tatu, dawati la mbele. Aliandika juu ya mama yake kisimani wakati wa ukame, akiwaita kwa majina mbuzi waliobaki, halafu, bila kukusudia, akiwaita na waliokwisha kufa. Niliisoma nikafunga mlango wa ofisi, nikalia.

Jumatano nikaikuta insha hiyo kwenye faili lenye jina la Hinda, binti wa mwenye shule.

Nikapiga kelele. Nikasema naibu ni mwizi. Kelele zikafika soko la mifugo, jamaa za Nurto wakaja na fimbo zao, na ndipo wazee wakaamua kuketi. Leo, Jumamosi, nikaitwa. Nilidhani nimeitwa kutoa ushahidi.

Kumbe niliitwa kula.

"Fidia ni ngamia jike, tena mwenye mimba," alisema Mzee Ogle kwa sauti ya upole. Zamani alikuwa karani katika idara ya mifugo, na Kiswahili chake kilinyooka. "Abdiwahab ametoa. Jelle amepokea. Ngamia ameshapakiwa lori asubuhi. Imebaki karatasi yako, binti yangu, basi."

Mwiti alikuwa ameshaitoa. Aliiweka mkekani katikati ya sahani, imekunjwa, upande wa chini pekee ukionekana. Kidole gumba chake kiliacha alama ya mafuta pale pale panapotiwa sahihi.

"Hapa tu, madam. Chini hapa. Basi la Nairobi linatoka saa nane, na bahasha lazima ifike Jumatatu asubuhi."

Saa yangu ilisema saba na dakika kumi.

Niliitazama ile alama ya mafuta. Nzi alitua juu yake, akasugua mikono yake. Mafuta ya mbuzi yalikuwa yameanza kuganda kwenye masinia, meupe, kama nta. Juu ya ukuta korongo wanne wenye upara, wale ndege wakubwa wa jalalani wanaojinyea miguu yao wenyewe, walijipanga wakingoja mifupa.

"Sitii sahihi," nilisema.

Abdiwahab alijifuta vidole kwa limau, kimoja kimoja. Si mtu wa kupayuka. "Dada, nani alikutoa Tanzania?"

"Wewe."

"Kibali chako cha kazi kinaisha lini?"

"Mwezi ujao."

"Na barua ya kuombea kingine anaandika nani?"

Anayeiandika ni yeye.

"Mnaona Wabongo?" Mwiti aliwaambia wanaume, akinionyesha kwa mfupa. "Mimi nilishangaa toka mwanzo. Mtanzania aje Kenya kufundisha Kiingereza! Ni kama mtu atoke hapa aende kwao kuwauzia ndizi. Sasa Kiingereza kimemshinda, amekuwa hakimu."

Wakacheka. Hata mimi ningecheka, siku nyingine. Nilimgeukia Jelle. Alikuwa ameketi ukingoni mwa mkeka, mtu mwembamba, kanzu yake imefuliwa mpaka ikawa kama karatasi. Sahani yake ilikuwa bado imejaa.

"Baba Nurto, umekubali kweli? Binti yako ameshinda nafasi ya Nairobi. Umeibadilisha na ngamia?"

Aliinua macho taratibu. "Mwalimu, ngamia yangu thelathini na moja imekufa. Thelathini na moja. Mimi ilihesabu mifupa. Nyumbani iko watoto watano. Hii ngamia itazaa, watoto itakunywa maziwa mwaka huu. Shule ya Nairobi itanipa nini mwaka huu? Barua?"

Nilikuja nikiwa nimejiandaa kumchukia. Nilishindwa. Chuki yote ikakosa pa kwenda, ikarudi kwa yule mwenye kidevu cha mafuta, kwa karatasi yenye alama ya dole, kwa kinywa changu mwenyewe kilichokuwa bado na ladha ya ini.

Ndipo likaanza kupanda.

Nilisimama, nikasema naenda kunawa. Nilipita jikoni nikikimbia, nikafika nyuma, penye ukuta, nikainama. Lote likatoka. Ini lilitoka kama nilivyolimeza.

Kabla sijajifuta mdomo, kivuli kikubwa kikatua kando yangu. Korongo. Alitembea hatua mbili kama mzee mwenye suti, akainamisha lile domo lake refu, akalichukua ini, akatupa kichwa nyuma. Nililiona likishuka ndani ya ule mfuko wake wa shingo.

Nikatapika tena.

"Naa, mwalimu! Iko na mimba?"

Alikuwa Fatumo, mpishi wa Abdiwahab na mama mdogo wa Nurto, ambaye Nurto anaishi kwake hapa mjini ili asome. Alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, macho mekundu kwa moshi.

"Hapana, dada Fatumo. Ni ile nyama."

"Nyama? Mbuzi ndogo ya jana? Nyama haina makosa."

"Basi si nyama. Ni wao. Ni mimi. Wananilisha ili mtoto wenu aibiwe, na mimi nimekaa pale nimekula!"

Fatumo alinitazama. Akamtazama korongo, ambaye alikuwa bado anasukuma kitu shingoni. Akanitazama tena.

"Hiyo alikula ndege ni nini?"

"Ini."

"Ile ya Mzee Ogle? Ile ya kumaliza maneno?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Mwiko ukaanguka. "Wallahi! Mwalimu ametabika maslaha!" P kwake huwa B.

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la makaa, akajipiga mapaja, akafuta machozi kwa ncha ya shungi. Wanawake wawili wakatoka jikoni kuuliza, akawaambia kwa Kisomali, nao wakaanguka wakicheka. Mimi nilisimama pale, matapishi kwenye kiatu, natamani ardhi ifunguke.

Ghafla Fatumo akaacha kucheka. Akasimama, akajifunga shungi vizuri, akanishika mkono.

"Atubele, kuja."

"Wapi?"

"Kwa wanaume. Kwani wao wanajua umetabika? Lazima wajue."

Akanikokota hadi kwenye mkeka. Wanawake hawaingii kwenye kikao cha maslaha, na kila mwanaume aliinua kichwa. Fatumo hakusalimia mtu. Alisema maneno machache kwa Kisomali, akanyoosha kidole nyuma ya jiko, kisha juu ya ukuta, ambako korongo alikuwa amerudi kwa wenzake.

Nilidhani watacheka kama wanawake. Sivyo. Wote waligeuka kumtazama yule ndege, halafu wakaanza kusema kwa pamoja.

"Wanasema nini?" nilimnong'oneza Fatumo.

"Huyu anasema chakula ilifika tumboni, imetosha. Yule anasema kama imerudi, ni kama hukula. Huyu mwenye ndevu nyekundu anasema, je, kama mtu anakufa kabla ya kula kuisha? Mzee anamwambia nyamaza, hiyo ni mambo ingine."

Mwiti alirusha mikono. "Wazee, kwa heshima zote, huu ni mzaha! Mtu ametapika, basi! Hata ushahidi uko wapi?"

"Ushahidi amekula korongo," alijibu Fatumo.

Mzee Ogle aliinua mkono, wakanyamaza. Alinitazama bila hasira, kama mtu anayesoma karatasi ngumu.

"Miaka thelathini nakaa katika maslaha," alisema. "Nimeona mtu akitoroka kabla ya chakula. Nimeona mtu akilia juu ya chakula. Kukirudisha, hili ni la kwanza. Basi nitakuuliza neno moja, mwalimu, na ujibu mbele ya Mungu. Ulitapika kwa ugonjwa, au kwa kinyaa?"

"Kuna tofauti?"

"Ipo. Kama ni ugonjwa, ugonjwa unatoka kwa Mungu, mtu halaumiwi. Moyo wako ulikubali, tumbo ndilo lililoshindwa. Maslaha yanasimama, unatia sahihi, tunakuombea afya. Kama ni kinyaa, basi moyo haukukubali kamwe. Hakuna maslaha."

"Sema ni joto," Abdiwahab alisema upesi, kwa sauti ya chini, karibu ya huruma. "Dada, wageni wote linawapiga. Hakuna atakayekucheka. Sema joto, urudi kazini Jumatatu."

Ingekuwa rahisi namna gani! Joto kweli lilikuwepo. Nyuzi joto arubaini, jasho linatiririka mgongoni. Neno moja tu, na kibali changu kimeokoka. Mama yangu, ambaye kila jioni namtumia ujumbe kwamba naendelea vizuri, angeendelea kuniamini.

Lakini pia nilijua kisichosemwa. Kumwambia mtu aliyekukaribisha kwamba chakula chake kimekutia kinyaa, tena mbele ya wazee, ni kumvua nguo.

Nikatazama dole la mafuta kwenye fomu. Nzi walikuwa watatu sasa.

"Ni kinyaa," nilisema.

Uso wa Abdiwahab ukaiva. "Nyumba yangu? Chakula cha nyumba yangu kinyaa?"

"Si chakula chako, kaka. Chakula chako ni kitamu. Fatumo anajua, nimekula mapishi yake mara ngapi. Kilichonitia kinyaa ni karatasi mliyoiweka kando ya sahani. Nilikuwa nakula kwa mkono huu, na kwa mkono huuhuu nitie sahihi ya uongo kumnyang'anya mtoto niliyemfundisha! Ningelikuwa mtu wa namna gani? Nimekuja hapa kwa sababu niliamini mtoto wa mfugaji akiandika vizuri, dunia itamsoma. Kama si kweli, basi nirudisheni Tukuyu nikalime."

Sikujua machozi yalianza lini. Fatumo hakuwa ameuachia mkono wangu.

Mzee Ogle alifunga macho. Alipoyafungua, aliongea polepole kwa Kisomali, kisha akanigeuzia kwa Kiswahili ili nisikie mwenyewe.

"Chakula kimerudi. Maslaha yamerudi. Ngamia arudi kwa mwenyewe."

Nilishinda! Wasomaji wangu, kwa muda wa pumzi moja nilijiona shujaa.

Kisha nikamwona Jelle.

Alitoa simu yake ndogo mfukoni, akaangalia vitufe kana kwamba amesahau namba. Lori lilikuwa limeshapita Modogashe, mbali kwenye njia ya Habaswein. Alikuwa anampigia dereva amgeuze ngamia.

"Aabo, usipige!"

Sauti ya kumwita baba ilitoka jikoni. Nurto alitoka mbio, mikono imejaa unga, akasimama katikati ya wanaume kama mtu aliyeangukia barabarani. Ana miaka kumi na minne. Darasani huongea kwa kunong'ona.

"Ngamia asirudi," alisema.

"Nurto, mwanangu, usiogope," nilimwambia. "Mwalimu Mwiti alikuibia, sasa wazee..."

"Hakuiba, Mwalimu. Nilimuuzia."

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Alikuja kwetu Jumanne jioni, Mwalimu Mwiti," Nurto aliendelea, macho chini. "Akasema baba yake Hinda anataka insha. Akaniuliza mimi nataka nini. Nikasema ngamia jike. Akasema sawa. Nikasema awe na mimba. Akakasirika, akasema mimi ni dalali kuliko wanaume wa soko. Nikasema basi hakuna insha. Akakubali."

Mwiti alitandaza mikono, anang'aa. "Mmesikia? Mwizi ni nani sasa?"

Jelle alikuwa ameshika simu hewani. "Wewe? Ni wewe uliuza?"

"Aabo, ulisema ukirudi malishoni bila ngamia utauza ile redio na blanketi. Ulikuwa unaongea usiku na habaryar Fatumo, nilisikia."

"Lakini Nurto," nilisema, na sauti yangu ilinitoka vibaya, kama ya mtoto mdogo kuliko yeye, "ile nafasi. Nairobi. Ulikuwa unaitaka! Uliniambia unaitaka!"

Ndipo akanitazama. Sitausahau ule mtazamo. Haukuwa wa mwanafunzi kwa mwalimu. Ulikuwa wa mtu mzima anayemwonea huruma mdogo.

"Naitaka, Mwalimu. Lakini insha naweza kuandika nyingine. Aabo hawezi kuandika ngamia."

Kinyaa kilihama, wasomaji wangu. Kilitoka kwenye masinia na kwenye kidevu cha Mwiti, kikaja kukaa kwangu. Mimi na elimu yangu! Nimelia juu ya insha yake, nimepiga kelele kwa jina lake, nimetapika hadharani kwa ajili yake. Sikumwuliza hata mara moja. Mtoto alikuwa ameketi na dalali, akapata bei nzuri kuliko ambavyo mimi ningeweza, na mimi nimekuja na tumbo langu nikamharibia.

"Basi," alisema Mzee Ogle, "nani analalamika hapa? Baba halalamiki. Mtoto halalamiki."

"Mimi," nilisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Wewe ni nani wake?"

Sikuwa na ukoo hapa, wala mjomba wa kuketi upande wangu. Nilikuwa mwalimu wake wa Kiingereza kwa miezi mitatu.

Saa saba na dakika thelathini na tano. Abdiwahab alisukuma fomu mbele yangu kwa ncha ya kidole. Hakuonekana tena mwenye hasira, alionekana amechoka. "Dada, wazee wakitaka watachinja mbuzi mwingine. Tia sahihi. Mtoto amepata anachotaka, binti yangu anakwenda, wewe kibali unapata. Mambo ya karatasi ni ya Mwiti, mimi ni mtu wa mifugo. Lakini bei nimelipa."

"Mwalimu," Nurto alinong'ona. "Tia sahihi. Tafadhali."

Nikapiga magoti. Kalamu ilikuwa na mafuta, ikateleza, nikaishika tena. Mkono ulishuka hadi kwenye mstari. Ukasita.

Sikushuku kitu, nawaambia kweli. Nilitaka tu kuliona jina la Hinda limeandikwa pale, nijue nasema uongo kwa ajili ya nani. Nikaushika ukunjo wa juu niufungue.

Kiganja cha Mwiti kikaanguka juu yake, paa!

"Hakuna cha kusoma, madam. Mimi nimejaza kila kitu. Basi litakuacha!"

"Mwalimu hawezi kusoma?" aliuliza Mzee Ogle.

"Mzee, ni muda tu..."

"Toa mkono."

Aliutoa. Taratibu sana.

Nikaifungua fomu. Juu, upande wa kulia, kulikuwa na picha ndogo ya msichana. Alivaa sweta zito la sufu, limefungwa vifungo hadi kidevuni. Hapa Garissa mtu akivaa sweta hivyo atazimia kabla ya saa nne. Chini ya picha, kwa mwandiko wa Mwiti ninaoujua, lilikuwa jina la mwanafunzi.

Nikalisoma. Nikalisoma tena.

Halikuwa la Nurto. Wala halikuwa la Hinda.

"Soma kwa sauti," alisema Abdiwahab, mfupa ukiwa nusu ya njia kwenda kinywani.

"Kagendo Mwiti," nikasoma.

"Huyo ni nani?" aliuliza Abdiwahab.

Nilimjua kwa jina la kwanza tu, Kagendo. Yuko kwenye rejista yangu ya Gredi ya Tisa. Kila asubuhi naita, na darasa zima linajibu, "Hayuko!" Wiki yangu ya kwanza Mwiti aliniambia ni mgonjwa, nisimwandike mtoro. Sasa niliona yote. Mfuko wa ufadhili ni wa wasichana wa kaunti kavu. Naye alikuwa amemsajili binti yake hapa Garissa, akamwacha kwao Maua, huko Meru, kwenye baridi na majani ya chai, akingoja nafasi kama hii.

"Ni binti yake," nilisema. "Ngamia umetoa wewe, kaka Abdiwahab. Insha ameuza Nurto. Anayekwenda Nairobi ni binti yake Mwiti."

Abdiwahab aliuweka mfupa kwenye sinia, pole pole, kama kitu kinachovunjika. "Mwiti," alisema. "Mimi nilikuamini kwa sababu wewe ndiye unayejua kusoma."

Mahali pa Mwiti mkekani palikuwa patupu.

Alikuwa mlangoni, miguu mitupu, anapekua kandambili za wanaume kumi na wawili akitafuta viatu vyake. Kwapani alikuwa amebana bahasha ya kaki. Insha.

Mimi nilikuwa na fomu. Yeye alikuwa na insha. Hakuna chenye maana bila mwenzake, na upande wa stendi basi la Nairobi lilipiga honi ya kwanza.

Mwiti aliacha viatu, akakimbia.

Wazee walikuwa wakitafuta fimbo zao. Abdiwahab alikuwa bado hajaweza kuinuka. Mimi nilijikwaa kwenye sinia, nikaanguka mikono yote miwili ndani ya mafuta, fomu ikiwa chini yangu. Nilipoinua kichwa, nilimwona mtu mmoja tu akivuka lango, buibui limekunjwa hadi magotini, unga ukipeperuka mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimsikia akipaza sauti, mtaa mzima ukasikia:

"Wewe! Rudisha! Hiyo ni insha yangu!"